Nimeisikia Santuri Yetu, Nassoro

Nassoro, ndugu yangu,

Nimeisikia! Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu kama nilivyowafundisha watoto wa watu maisha yangu yote, anwani juu kulia, tarehe chini yake, natumaini hujambo, nitapasuka. Nimeisikia santuri yetu. Pande zote mbili. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, Gongoni, katika karakana ya marehemu Fundi Kasimu. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda, na haya magoti yangu mabovu, ambayo daktari ameyakataza hata ngazi, yalikuwa yanacheza yenyewe.

Najua ungesema nini. "Acha uongo, Maganga, ile imeshakuwa majivu." Na mimi niliamini hivyo. Sote watatu tuliamini hivyo, wewe, mimi na Kalunde. Ndiyo maana nakuandikia hata kabla sijatulia. Nitakueleza kwa mpangilio, unajua siwezi vinginevyo, na nitakueleza hata yale unayoyajua, maana mwalimu akiruka hatua moja hesabu yote huharibika.

Paa la karakana ya Fundi Kasimu lilikuwa linavuja. Binti yake wa mwisho, Mariamu, yule aliyekuwa mtoto wa mgongoni tulipomzika mama yake, sasa ni mtu mzima, ni fundi mitambo wa redio yetu ya hapa mjini. Akaamua kutoa nje makorokoro yote ya baba yake ili mafundi wa paa wafanye kazi. Kulikuwa na redio moja kubwa ya mbao, zile za kukaa sebuleni kama kabati, ambayo mwenyewe aliileta kutengenezwa na hakurudi tena kuichukua. Mariamu akafungua mgongo wake aone kama kuna panya. Ndani ya tumbo la ile redio, imefungwa kwenye khanga na kuzungushiwa kamba ya katani, kulikuwa na santuri ndogo. Katikati ina karatasi ya manjano yenye picha ya nyuki.

Nyuki, Nassoro! Lebo ya Nyuki, ile kampuni ya santuri ya Fundi mwenyewe. Fundi alichora yule nyuki kwa mkono wake, na wewe ukamcheka ukasema ni nzi aliyeshiba. Chini yake imeandikwa: Wapagazi, Tabora. Mtani Shusha Mzigo.

Sasa nimeelewa alichofanya yule mzee. Siku boksi letu liliposhuka kwenye treni, na wale mabwana wawili wa serikali wakawa tayari wanamsubiri kwenye ofisi ya vifurushi, kumbe Fundi alitangulia kulifikia. Alichomoa moja, akaitia chini ya shati, boksi lililobaki likaenda walikolipeleka. Miaka yote ile tulikuwa tunakunywa kahawa barazani kwake, santuri iko hatua nne nyuma yetu, na hakusema neno. Simlaumu. Mtu aliyeogopa mara moja sawasawa, woga wake haustaafu.

Mariamu akanipigia simu. "Shikamoo Mwalimu. Kumbe ile bendi yenu na mzee Nassoro ilikuwa ya kweli?" Nikamwambia marahaba mwanangu, nani kakuambia? Akacheka, akasema njoo na miwani yako.

Gramafoni ya baba yake ilikuwa imekufa mkanda. Mariamu akakata ukanda mwembamba kwenye tyubu ya baiskeli, akauvuta, akaufunga. Ukawa mnene kidogo kuliko ule wa zamani, kwa hiyo sahani ikawa inazunguka haraka kuliko inavyotakiwa. Akaniuliza kama autengeneze upya. Nikamwambia, mwanangu, weka sindano.

Nassoro. Kwanza kuna mkwaruzo, kama mtu anakaanga karanga. Halafu Kalunde anapiga mara nne kwenye lile dramu la gwaride nililoazima shuleni bila kumwambia mkuu wa shule. Halafu wewe.

Nimekaa hapa na kalamu nikitafuta neno la lile gitaa lako. Tulizoea gitaa la dansi linalotiririka, watu wanashikana viuno taratibu. Lako halitiririki. Linabweka. Unapiga nyuzi zote kwa pamoja, chini juu, chini juu, na ile spika ambayo Fundi aliitoboa kwa msumari kwa makosa inakoroma kama mashine ya kusaga. Besi yangu inakimbia nyuma yako, imechelewa, inahema. Kisha unafungua kinywa, na sauti yako inapasuka kwenye neno la kwanza kabisa:

*Mtani shusha mzigo, nami nibebwe leo,*
*Babu alikubeba wewe, na sanduku, na cheo!*

Uliniuliza mara ngapi kuhusu ule mpasuko? Uliniuliza tukiwa na miaka ishirini na kitu. Ukaniuliza siku ya harusi ya mwanao. Uliniuliza tena ukiwa umelala pale kwako, mwezi wako wa mwisho, mkeo Zuhura akikupepea: "Maganga, sauti yangu ilipasuka, sivyo? Nilituharibia?" Kwa sababu hukuwahi kujisikia. Tuliimba mara moja tu mbele ya tepu rekoda ya Fundi, akaukunja ule utepe, ukasafiri na treni mpaka Mwanza, ukavuka ziwa kwa meli mpaka Kisumu, ukapanda treni nyingine mpaka Nairobi kwenye mashine ya kuchapa santuri. Ulirudi ukiwa santuri, na hatukuruhusiwa kuigusa.

Ilipasuka, ndiyo. Na ndilo jambo zuri kuliko yote katika ile santuri! Mariamu aliinua kichwa pale pale. Wimbo ulipokwisha, haukufika hata dakika mbili na nusu, aliurudisha mwanzo, akausikiliza tena, akasema: "Mwalimu, hii ni panki."

Nikamuuliza panki ni mdudu gani. Akanieleza, na mimi nakueleza wewe. Anasema kule Ulaya, miaka kadhaa baada yetu, vijana wasiojua sana kupiga vyombo walishika magitaa, wakapiga haraka, wakapiga kelele, wakawatukana wakubwa, wakaendesha kampuni zao ndogo za santuri wenyewe, na bendi nyingi zilikufa baada ya wimbo mmoja. Nikamwambia basi hao walituiga. Akasema, "Hawakuwasikia, Mwalimu." Nikamwambia hilo ni kosa lao.

Nilicheka mpaka nikatoa miwani. Lakini lazima nikueleze kwa nini nilikuwa nacheka huku moyo unaniuma, na hapa inabidi nirudi nyuma.

Wazee wetu wa Unyamwezi walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani na kurudi. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Njiani walipita kwenye nchi za watu wengine, wakagombana nao, wakapatana, wakaoana, na katika kupatana kule ukazaliwa utani. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele za watu. Anaweza kukuvua kofia, kukunyang'anya chakula mkononi, hata kulala juu ya kaburi la baba yako adai apewe kitu ndipo ainuke, nawe hukasiriki, maana anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Sisi na Wazaramo ni watani wa tangu njia ile. Wewe ulikuwa nusu ya utani huo: kwa baba ni Mwarabu wa Tabora, watu wa nguo na asali, lakini bibi yako mzaa mama alikuwa Mnyamwezi wa Kigwa, na ulikuwa ukimtaja kuliko mababu wote wa Oman.

Ndipo nikaandika maneno. Mimi, mwalimu kijana mwenye mwaka wa pili kazini, nikaandika wimbo wa kumtania Mzaramo, kwa lugha ya mpagazi aliyechoka. Wewe ukaupa mbio. Kalunde, mpiga ngoma wa akina mama wa Kigwa, ambaye wanaume wa bendi za dansi walimwambia mwanamke hapigi dramu, akaupa ngumi. Ulikuwa wakati wa kila mtu kuambiwa ajitegemee. Tukajitegemea. Kipaza sauti kilikuwa redio ya zamani, gitaa lako ni la bendi iliyovunjika, tukaanza.

Halafu akaja yule bwana utamaduni mpya, afisa wa serikali. Alitoka Dar es Salaam, anasema "ati" na "bwana wee", anavaa kofia ya kiua kama watu wa pwani hata siku za kazi. Mwalimu mwenzangu aliniambia, huyu ametoka Kisarawe. Nikakimbia mpaka dukani kwenu, unakumbuka, ulikuwa unapima kaniki ya mteja. Nikakwambia kwa sauti ya chini kama mtu aliyeokota dhahabu: "Nassoro, mtani amekuja mwenyewe! Mzaramo halisi! Siku ya sherehe za mji tumvalishe wimbo!" Ukaiacha ile kaniki imening'inia kwenye mita.

Sikuuliza zaidi. Nimewafundisha watoto wangapi kwamba habari ya mtu mmoja haijawa habari mpaka wa pili aithibitishe?

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Sisi tulikuwa wa mwisho, baada ya kwaya na sarakasi. Ulipofika kwenye "na cheo" ukaruka kutoka jukwaani, gitaa shingoni, waya ukachomoka, ukaenda mpaka kwenye viti vya mbele, ukamvua yule bwana kofia na kuivaa. Uwanja ukalipuka! Akina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja akapiga kelele, "Mkamateni mtani, asikimbie bila faini!" Watu wote walikuwa wanamsubiri ajibu tusi kwa tusi, kama desturi ilivyo.

Hakujibu. Niliuona uso wake kutoka jukwaani. Kisarawe alikuwa amefanya kazi tu, miaka mitatu. Kwao ni kaskazini, mbali kabisa, ambako mababu zetu hawakupita na mzigo wala utani. Kwake yeye hatukuwa watani. Tulikuwa vijana watatu tuliompora kiongozi kofia hadharani na kuimba kwamba anabebwa.

Kesho yake tukaitwa. Tulisimama mbele ya meza yake. Akauliza mara moja: "Nani ameandika maneno haya?"

Nilivuta pumzi nijibu. Naapa nilivuta pumzi. Lakini ile pumzi ilikaa muda mrefu, kwa sababu nilifikiri kazi yangu, na mama yangu, na nyumba ya mwalimu niliyopewa mwezi ule ule. Wewe ukasema, "Mimi." Hata hukunitazama. Akakwambia, "Wewe Mwarabu, una utani gani na mimi?" Ukamjibu kwa heshima, "Nilidhani ninao, bwana. Samahani."

Bendi ikapigwa marufuku, na boksi la santuri lilipofika kutoka Nairobi likachukuliwa kuchomwa moto. Mimi na Kalunde tukapewa onyo. Wewe ukaambiwa ni mchochezi, leseni ya duka la baba yako ikalala mezani kwa mtu mpaka rafu zikabaki tupu, na baba yako akakupeleka Nzega ukauze nguo kwenye magulio, mbali na macho. Gitaa hukushika tena. Bendi yetu ilikuwa imeishi kuanzia mavuno mpaka mvua za kwanza.

Na hukuwahi kunidai lile neno moja. Hata kwa utani.

Badala yake mimi nikajijengea dawa. Kila ulipotaja santuri nilikwambia, "Aa, Nassoro, achana nayo, ilikuwa kelele tu." Nilikwambia hivyo Nzega, nikakwambia hivyo barazani kwa Fundi, na uliponiuliza kitandani kama ulituharibia, nikakwambia kwa upole kabisa, nikidhani nakuliwaza: "Ilikuwa kelele za vijana. Hukuharibu kitu, maana hapakuwa na kitu." Ukageukia ukutani. Nilidhani umechoka.

Nayafuta maneno yale. Sina njia nyingine ya kuyafuta ila hii. Palikuwa na kitu, Nassoro! Kipo, kinazunguka, kinabweka, nimekisikia kwa masikio yangu haya!

Sasa upande wa pili. Unakumbuka hatukuwa na wimbo wa pili? Fundi akasema upande hauwezi kubaki mtupu, Nairobi wataturudishia. Basi Kalunde akauimba ule ule kwa Kinyamwezi, ngoma peke yake, sisi tunaitikia. Ni mzuri kiasi kwamba Mariamu alifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Na mwishoni, Fundi hakuwahi kuzima tepu rekoda. Kalunde anaacha kupiga. Kuna kicheko. Halafu unasikika wewe, huimbi, unaongea tu, karibu sana na maiki, kama umesimama nyuma ya bega langu: "Maganga, umeona maneno yako yanavyokimbia? Utayapata wapi tena?"

Sauti yako, Nassoro. Ya miaka ishirini na mbili. Sikujua kama nimeisahau mpaka...

Nimerudi. Nilitoka kidogo nje.

Mariamu alinigeukia. Alikuwa amepanga kuipiga redioni Alhamisi, kipindi kizima, na alikuwa na karatasi ya kuandika majina. "Mwalimu, anasema maneno ni yako? Sisi wote tumekua tukiambiwa mzee Nassoro ndiye aliyetunga, ndiye aliyewaponza."

Mtu angedhani sasa ni rahisi. Nimestaafu. Yule bwana amekufa zamani, leseni hakuna anayeitaka. Lakini nusu ya mji huu niliwafundisha mimi, wakinipita barabarani wananivulia kofia, na wanajua Mwalimu Maganga hajawahi kudanganya. Nikakohoa. Nikasema, "Alikuwa ananitania."

Mara ya pili, Nassoro. Mbele ya sauti yako mwenyewe. Mariamu akaandika jina lako kwenye ile karatasi, kwa herufi nzuri.

Sikwenda nyumbani. Nilitembea moja kwa moja mpaka kwako. Zuhura alikuwa anachambua mchele uani. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama, maneno, Kisarawe, ile pumzi iliyokaa. Aliendelea kuchambua, nikadhani hajasikia. Kisha akaweka ungo chini.

"Shemeji, miaka hamsini ya ndoa namsema mume wangu kwa mdomo wake mrefu. Kila duka lilipoyumba namwambia, ni ule ulimi wako wa ujana. Kumbe ulimi wenyewe ulikuwa unakuja hapa kila Ijumaa kula pilau yangu?"

Nikasema ndiyo.

"Na yeye ananyamaza, anakuongezea nyama!"

Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yeye pia hakujua. Alijifuta kwa ncha ya mtandio. Halafu akanihukumu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kufukuzwa. Akasema kusema tu redioni ni kazi nyepesi, walimu mmezoea kusema. "Utayaimba. Wewe mwenyewe, kwa sauti yako, Mariamu akishamaliza kuipiga santuri. Watu wasikie yametoka kinywa gani."

Nikamwambia shemeji, sijawahi kuimba, nilikuwa napiga besi kwa sababu hiyo hiyo. Akasema, "Ndiyo maana."

Basi Kalunde amekuja kutoka Kigwa kwa treni ya jana, ana fimbo na ana matusi kama zamani. Nilimpigia santuri. Alisikiliza upande wake wote akiwa amefumba macho, akasema, "Niliwaambia wanawake wanapiga dramu," basi. Tangu asubuhi ananifanyisha mazoezi uani kwangu, anapiga kwenye ndoo. Anasema naimba kama mtu anayesahihisha madaftari. Anasema niache kutamka vizuri. Mke wangu amefunga madirisha. Wajukuu wanakwenda kwa majirani kuwaambia babu amechanganyikiwa, na majirani wanakuja kuangalia. Sijafurahi hivi tangu nizeeke, na sijaogopa hivi tangu siku ya ile meza.

Nimemrudishia Mariamu ukweli wake leo mchana. Amekata jina lako kwenye mstari wa maneno, ameliandika kubwa zaidi kwenye mstari wa sauti na gitaa. Badala ya kunivulia heshima kama wengine, alinishika mkono kwa muda mrefu.

Pumzika sasa, ndugu yangu, Mungu akulaze unapostahili. Sitakuja kaburini wiki hii, nina mazoezi. Ahadi yangu ni hii. Alhamisi saa nne asubuhi, mbele ya mji mzima, nitasema maneno ni yangu na kosa ni langu, na kwamba Nassoro hakuharibu kitu. Halafu sitavuta pumzi. Kalunde akipiga mara ya nne, nitaingia.

Rafiki yako,
Maganga